Uzi: Mbege yako ya kwanza nyumbani, kuanzia kimea mpaka kata

KimeaChaUlezi (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Kila Desemba ikikaribia, watu wa Kilimanjaro wakianza kufunga mizigo kupanda nyumbani, maswali ya mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, yanaongezeka humu. Majibu nayo huwa ya mstari mmoja: chemsha ndizi, tia ulezi, subiri. Anayeanza hawezi kupika kwa maelezo hayo. Uzi huu ni wake: anaishi Tabata au Kimara, Dar es Salaam, ana jiko la gesi, sufuria kubwa na ndoo ya lita 20, hana pipa wala kihamba (shamba la migomba la nyumbani), na hajawahi kupika pombe yoyote.

Naanza na msimamo wangu: mbege ya kwanza inaamuliwa na kimea, yaani ulezi uliooteshwa ukakaushwa na kusagwa. Watu wanahangaikia ndizi, wanazunguka soko la Mabibo kutwa nzima kutafuta mkungu mzuri, halafu ulezi wanachukua pakiti ya unga wa uji duka la jirani. Pombe imeshaharibika hapo, kabla hata moto haujawashwa. Unga ule umesagwa kutoka punje ambazo hazikuoteshwa. Punje inapoota ndipo inapotengeneza vimeng'enya vinavyokata wanga kuwa sukari. Chachu inakula sukari, wanga haiwezi kuugusa. Ukitia unga usiooteshwa umetia uji tu kwenye maji ya ndizi, na uji huo utatuama chini ya ndoo.

Kwa hiyo nunua ulezi wa punje, kilo 2. Mwambie muuzaji unataka wa kuotesha, wa msimu huu, usiopigwa dawa ya wadudu. Ukifika nyumbani usiloweke wote. Chukua punje 100, zifunge kwenye kitambaa chenye unyevu, ziache siku 2, kisha hesabu zilizoota. Zikiwa pungufu ya 80, huo ulezi pikia uji na utafute mwingine.

Ulezi ukikubali, uoshe mpaka maji yatoke safi, maana una vumbi na mchanga mwingi. Loweka usiku mzima, ukibadilisha maji mara moja au mbili. Chuja, tandaza kwenye ungo au gunia jipya lililooshwa, unene wa vidole viwili, kisha funika kwa kitambaa kilicholowa. Asubuhi na jioni nyunyizia maji na uugeuze kwa mkono, kwa sababu punje zinazoota hutoa joto, na rundo lisipogeuzwa linapata joto katikati na kuanza kunuka. Siku ya pili utaona mizizi myeupe. Siku ya tatu au ya nne, kutegemea joto la ulipo, machipukizi yakifika kama sentimita moja, simamisha. Ukiuacha uendelee, ule mmea unakula sukari uliyoitaka wewe.

Kukausha ndiko kunakohitaji umakini kuliko hatua nyingine zote. Anika juani, tabaka jembamba sana, geuza mara kwa mara, ingiza ndani jioni. Kimea kimekauka pale punje inapovunjika kwa meno kwa mlio. Kisha sugua kwa viganja mizizi itoke, pepeta, peleka mashineni. Mwambie mwenye mashine asisage laini kama unga wa uji, chenga chenga ndiyo inayotakiwa.

Na hapa naomba mnisikilize kwa makini. Ukiona ukungu wowote kwenye kimea, wa kijani, mweusi au wa rangi ya waridi, au ukinusa harufu ya ghala lililofungwa, tupa chote. Usichambue ukabakiza kizuri. Sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu, haiondoki kwa kuchemsha wala kwa kuchachusha. Mwaka 2004 huko Makueni na Kitui, Kenya, mahindi yenye sumukuvu yaliua watu 125. Mwaka 2016 ikatokea kwetu, Dodoma na Manyara. Hasara ya kilo 2 za ulezi inavumilika.

Sasa ndizi. Wauzaji wa Mabibo wanazijua zinazonunuliwa na mama pombe, waulize wao. Ziwe zimeiva kupita za kula, ganda lina madoa meusi, zimelegea. Ndizi mbichi ina wanga karibu asilimia 20 ya uzito wa nyama yake, ikiiva sawasawa unabaki asilimia 1 au 2 tu, wingine wote umekuwa sukari. Zikiwa bado ngumu, zivundike kwenye gunia mahali penye joto mpaka zilegee. Menya upate kilo 6, tia maji lita 10, chemsha kwa moto wa wastani saa 3 hadi 4 ukikoroga zisishike chini. Rangi itatoka kwenye njano kwenda wekundu wa kahawia. Maji yakipungua sana ongeza ya moto.

Ipua, funika, acha ipoe kabisa, kisha mimina yote kwenye ndoo safi. Sasa kuna jambo ambalo wengi wa mjini hawaambiwi. Kule nyumbani pipa la mbao limeshapikiwa miaka, chachu inaishi kwenye mbao zake. Wewe umechemsha ndizi saa 4 na ndoo yako ni mpya ya plastiki, hakuna chachu humo. Ukisubiri ijilete yenyewe, bakteria wa uchachu watafika kwanza. Kwa hiyo tia nusu lita ya mbege hai kutoka kwa anayepika, au kama huna, kijiko kimoja cha chai cha hamira ya mkate. Funika kwa kitambaa safi na mfuniko uliolegea. Kwa joto la Dar, siku 3 hadi 4 zinatosha. Marangu au Kibosho, kwenye baridi ya mlimani, inaweza kufika wiki.

Siku unayotaka kunywa kesho yake, chuja yale maji ya ndizi kwa kitambaa, kamua machicha, kisha pika mso. Huu ni uji wa kile kimea, kilo 1 na nusu kwa maji lita 5. Ukipoa kabisa changanya na maji ya ndizi, funika, acha usiku mmoja. Asubuhi utasikia mchemko na kuona povu. Hiyo ndiyo mbege.

Namna ya kupika mso inahitaji maelezo yake, nitarudi jioni. Mwenye swali aweke.

Kijana_Tabata

Shukrani sana mkuu, hii ndiyo niliyokuwa naitafuta. Nina maswali mawili. Kwanza, mfuniko kwa nini uwe umelegea? Mimi nilidhani hewa isiingie kabisa. Pili, ndoo za rangi zilizooshwa zinafaa? Ninazo tatu hapa.

KimeaChaUlezi

Ndoo za rangi hapana, hata ukiziosha mwezi mzima. Plastiki imeshanyonya rangi, na pombe ina asidi na kilevi vinavyoitoa. Nunua ndoo ya chakula, zile zinazouziwa mafuta ya kula au mpya kabisa. Usitumie pia ndoo ya bati wala pipa la mabati kuchachushia. Zinki inayeyuka kwenye asidi na inatapisha watu. Sufuria ya kuchemshia haina shida kwa kuwa pombe haikai humo.

Mfuniko: chachu ikila sukari, karibu nusu ya uzito wa sukari hiyo inakuwa kilevi na nusu nyingine inakuwa hewa ya ukaa. Kilo 1 ya sukari inatoa zaidi ya lita 250 za hewa. Ukiifungia, ndoo inapasuka au mfuniko unaruka mpaka darini. Iache itoke. Hewa yenyewe ni nzito, inakaa juu ya pombe na kuilinda kwa siku zile za mchemko mkali. Na usilale chumba kimoja na ndoo kadhaa zinazochemka huku madirisha yote umefunga.

MamaKihamba

Wanangu, hamjambo. Nimefurahi kuona vijana wanauliza vizuri. Mimi nimekulia kwenye pombe, mama yangu alikuwa mpishi, na aliyeandika hapo juu ameandika sawasawa. Naongeza machache.

Mso hauchemshwi kwa haraka. Sisi tunatia unga kwenye maji ya vuguvugu, tunakoroga, kuni mbili tu chini, moto mdogo. Uji unaanza kuwa mzito kama wa kawaida. Ukiendelea na moto ule ule mdogo, unalegea. Ukiuona umelegea, onja. Ni mtamu na hujatia sukari. Hapo sasa ongeza kuni, uchemke. Wasichana wa siku hizi wanatia unga kwenye maji yanayotokota, uji unakuwa mzito unabaki mzito, halafu wanasema ulezi mbaya.

Jingine, msesewe. Wapo wanaotia gome la msesewe kwenye ndizi ili pombe iwe na uchungu kidogo na iwe na nguvu. Kama hujafundishwa na mtu kipimo chake, usiguse. Ukizidi unalewesha vibaya, watu wanaumwa vichwa na miguu inakosa nguvu.

KimeaChaUlezi

Shikamoo mama. Umeniokoa kuandika, nilichotaka kurudi nacho jioni ni hicho hicho na umekisema vizuri kuliko ambavyo ningeweza.

Mkemia_wa_Mtaa

Nachangia upande wa vipimo, maana alichoeleza MamaKihamba kina maelezo yake kamili na mwenye kipimajoto cha jikoni atanufaika.

Vimeng'enya vya kimea vinafanya kazi vizuri zaidi kati ya nyuzi 60 na 70 za Selsiasi. Ukipita nyuzi 80 vinakufa kwa dakika chache. Kwa hiyo maji yanayotokota yanaua kile ulichokaa siku nne kukiotesha. Kuni mbili za MamaKihamba zinaupitisha uji kwenye joto hilo polepole, na kulegea kwa uji ndiyo dalili kwamba wanga umekatwa. Mwenye gesi afanye hivi: maji lita 5 yafike nyuzi 50, tia unga ukikoroga, pandisha hadi 65, zima jiko, funika sufuria na uifunge kwa blanketi, iache saa nzima. Joto likishuka chini ya 60 washa kidogo. Saa ikiisha na utamu umekuja, chemsha dakika 20 kuua bakteria, kisha poza haraka kwa kuiweka sufuria kwenye beseni la maji baridi.

Kuhusu msesewe: ni mti wa jamii ya Rauvolfia, na mimea ya jamii hiyo ina kemikali zinazoshusha shinikizo la damu. Anayetumia dawa za presha asikae karibu na pombe ya msesewe.

Naongeza kisa kimoja kwa sababu kinahusu pombe ya nyumbani hasa. Januari 2015 huko Chitima, mkoa wa Tete, Msumbiji, watu 75 walifariki baada ya kunywa pombe ya kienyeji msibani. Mama aliyeipika alikuwa miongoni mwa waliokufa. Maneno ya kwanza yalikuwa kwamba pombe ilitiwa nyongo ya mamba. Uchunguzi wa maabara ukaonyesha sumu iliyotengenezwa na bakteria aitwaye Burkholderia gladioli, na unga wa mahindi uliotumika ulikuwa umeharibiwa na mafuriko. Hakuna aliyetia sumu. Unga uliolowa ukakaa ndio uliotengeneza sumu, na moto haukuiondoa. Kwa hiyo lile onyo la mwanzisha uzi kuhusu kimea chenye ukungu mlichukulie hivyo hivyo lilivyo, na mliongezee unga uliowahi kunyeshewa.

Kijana_Tabata

Daah. Mkuu umenitisha ila ahsante. Na ile habari ya methanoli, kilevi chenye sumu? Mke wangu anasema pombe za kienyeji zinapofusha.

Mkemia_wa_Mtaa

Swali la shemeji ni la msingi. Matunda yana methanoli kidogo itokanayo na kambakamba za ganda na nyama yake, na pombe ya kuchachusha kama mbege, rubisi (pombe ya ndizi ya Kagera) au mvinyo inabaki na kiasi hicho kidogo ambacho mwili unakimudu. Vifo na upofu mnavyovisikia vinatoka kwenye vinywaji vya kukeneka vilivyochanganywa methanoli ya viwandani, kama Nairobi Novemba 2000 ambapo zaidi ya watu 100 walifariki mitaa ya Mukuru. Mfanyabiashara anaongeza ukali kwa kemikali ya bei rahisi. Wewe kwenye ndoo yako una ndizi, ulezi, maji na chachu. Usikeneke na usitie kitu kingine. Kukeneka gongo nyumbani ni kosa kisheria hapa Tanzania.

Shinyalu254

Hamjambo ndugu zangu wa Tanzania. Huku kwetu Kakamega tuna busaa na nimeona tunakutana kwenye kimea kabisa, hata jina ni hilo hilo. Ulezi tunaotesha vivyo hivyo. Tofauti ni kwamba badala ya ndizi tunatumia unga wa mahindi. Unakandwa na maji, unaachwa siku mbili tatu uchachuke, halafu unakaangwa juu ya bati lililo kwenye moto mpaka uwe kama chengachenga za rangi ya kahawia. Hapo ndipo ladha ya busaa inatoka, ile harufu ya kuchomwa. Hizo chengachenga zinatiwa maji na kimea, siku mbili tatu tena, kisha unachuja. Wazee huivuta na mirija mirefu kutoka chungu kimoja.

Swali langu: mbona ninyi mnapika kimea na sisi tunakitia kibichi?

KimeaChaUlezi

Karibu sana ndugu yetu. Nadhani ni kwa sababu ya muda. Busaa inakaa na kimea siku kadhaa, vimeng'enya vinafanya kazi polepole hata bila joto, na chachu iliyo kwenye kimea kibichi ndiyo inayoianzisha. Mbege tayari imeshachachuka upande wa ndizi, mso unaingia dakika za mwisho, kwa hiyo sukari yake lazima iwe tayari. Lakini pia kimea kibichi kinaleta bakteria wa uchachu, ndiyo maana busaa ina ule ukali wa uchachu na mbege nzuri inapaswa kuwa na utamu kidogo siku ya kwanza.

Rubisi_Original

Sisi watu wa Kagera tunashangaa hayo masaa manne ya moto. Rubisi haioni moto. Ndizi zinaiva, zinamenywa, zinatiwa kwenye mtumbwi wa mbao pamoja na nyasi, zinakanyagwa au kukamuliwa mpaka juisi itoke. Unachuja, unaongeza maji, unatia mtama uliokaangwa na kusagwa, unafunika kwa majani ya migomba. Kesho yake watu wanakunywa. Chachu tunaipata kwenye nyasi, kwenye mtama na kwenye mtumbwi wenyewe.

Anayeanza kwa nini asianze na rubisi, ni rahisi zaidi?

KimeaChaUlezi

Kwa mwenye mtumbwi wa zamani na mtu mzima wa kumwelekeza, rubisi ni nzuri na ina harufu ya ndizi ambayo mbege haina, kwa sababu kuchemsha kunaiondoa. Kwa wa mjini mwenye ndoo mpya ninaogopa. Pombe isiyopikwa inategemea kabisa usafi wa mikono, maji na nyasi, na chachu iliyozoea chombo. Anayeanza bado hana vitu hivyo. Kuchemsha kunampa mwanzo safi.

Bongo_Minnesota

Wadau, huku Marekani kupika bia nyumbani kwa matumizi yako kunaruhusiwa na sheria ya shirikisho tangu 1979, mtu mzima mmoja galoni 100 kwa mwaka, nyumba yenye watu wazima wawili au zaidi galoni 200, karibu lita 757. Kuuza hapana. Maduka ya vifaa yapo, haidromita za kupimia sukari, ndoo, chachu za kila aina. Wenzangu hapa wanapika bia ya shayiri na hopsi, maua yanayoitia uchungu.

Kwa anayetaka mbege huku: ulezi unapatikana maduka ya Wahindi, wao wanauita ragi. Mchukue wa punje, ule wa unga ni kama alivyosema mwanzisha uzi. Ndizi ni zile zile za kula za dukani, zinauzwa bado ngumu, zifunge kwenye mfuko wa karatasi siku kadhaa. Tatizo langu ni baridi. Nyumba iko nyuzi 18 majira haya na ulezi unachelewa sana kuota.

Mkemia_wa_Mtaa

Uweke ndani ya oveni iliyozimwa, taa yake tu ikiwaka, mlango umefungwa. Utapata nyuzi 25 hadi 30. Kukausha tumia hiyo hiyo oveni kwa kiwango chake cha chini kabisa, mlango umeachwa wazi kidogo, joto lisipite nyuzi 50 kimea kikiwa bado na unyevu. Hiyo baridi ya nyumba ni faida kwenye kuchachusha. Dar tunahangaika na upande wa pili, ndoo inafika nyuzi 32 na chachu inatoa ladha kali na siki inawahi. Sisi tunaweka ndoo kwenye beseni la maji na kuivika shuka lililolowa, upepo wa feni unashusha nyuzi kadhaa.

Mtoto_wa_Temeke

Wakuu tuache kuzunguka. Tia kilo 2 za sukari kwenye hiyo ndoo uone. Hutahitaji kimea wala nini, na inagonga.

KimeaChaUlezi

Mkuu, tufanye hesabu. Kilo 1 ya sukari ikichachuka yote inatoa takriban nusu kilo ya kilevi, ambayo ni kama mililita 650. Kwenye lita 15 za pombe hiyo ni zaidi ya asilimia 4, juu ya kile kilichotoka kwenye ndizi na ulezi. Kilo 2 ni zaidi ya asilimia 8. Mbege inanywewa kwa kata, kile kibuyu cha kunywea, inapokezanwa, mzee anakunywa kata mbili tatu akiongea mambo ya ukoo na anarudi nyumbani kwa miguu yake. Ukimpa kitu chenye ukali wa mvinyo ndani ya kata ile ile, umemdanganya. Yeye anapima kwa mazoea ya maisha yake yote na hajui umefanya nini.

Mbege ni chakula pia. Ule ulezi ndani yake ndio unaoshibisha. Sukari haina hata kimoja cha hivyo. Nakusihi usimpe mgeni pombe ya namna hiyo ukaiita mbege.

MamaKihamba

Amesema kweli. Na mpishi anaonja kwanza mbele ya watu kabla hajampa yeyote. Mnaopika mjini msiiache desturi hiyo. Kama wewe huwezi kuinywa mbele yao, usiwape.

Ummu_Hafsa

Assalaam aleikum. Mimi na familia hatutumii kilevi, ila nimesoma hatua za kimea nikavutiwa. Kuna matumizi yake mengine?

KimeaChaUlezi

Waaleikum salaam dada. Yapo, na ni mazuri sana. Togwa. Pika uji mzito wa mahindi au mtama, uache upoe mpaka kidole kivumilie, kisha tia kimea kikavu, vijiko viwili vitatu kwa lita, koroga. Ndani ya dakika chache uji mzito unalegea na kuwa mtamu bila sukari. Chemsha tena kidogo, poza, mnywe siku hiyo hiyo. Usiiache ikalala nje, maana ikikaa inachachuka na kuanza kuwa na kilevi. Mtoto mdogo asiyependa uji mzito ananufaika, kwa sababu unaweza kupika kwa unga mwingi na bado ukanyweka. Masharti ya ukungu ni yale yale, na kwa mtoto yazingatie zaidi.

Kijana_Tabata

Wakuu narudi. Kimea kilikubali, kimekauka vizuri jua la wiki iliyopita. Ndizi ziko ndooni siku ya pili na hamira. Povu limepanda mpaka juu, jeupe la kahawia, harufu ni ya ndizi na mkate. Lakini kuna utando mwembamba pembeni. Je, ndio ukungu?

Mkemia_wa_Mtaa

Utando laini, tambarare, wa rangi ya maziwa au kahawia, bila manyoya, mara nyingi ni chachu tu au machicha ya ndizi yaliyobebwa na povu. Ukungu una manyoya na rangi, kijani, buluu au nyeusi, na unakaa kwa madoa ya duara. Harufu ya mkate na ndizi ni njema. Ingekuwa ya siki kali, yai viza au rangi ya kucha, ungekuwa na shida. Usifunue kila saa kuangalia, kila unapofunua unaingiza bakteria wa siki, wanahitaji hewa.

MamaKihamba

Mwanangu, weka sikio kwenye ndoo. Ukisikia inachemka kama mvua ya mbali, iache. Ikinyamaza, chuja upike mso.

Kijana_Tabata

Nashukuru mama. Nitapika mso Ijumaa jioni, wageni wanakuja Jumamosi mchana. Swali la mwisho: ikibaki naiweka wapi? Na jirani ameshaniuliza kama nitauza.

KimeaChaUlezi

Kuuza ni jambo jingine, pombe ya kuuza inahitaji leseni na mahali palipokaguliwa. Nenda ofisi ya kata au halmashauri uulize kabla hujachukua hela ya mtu.

Jumamosi inywe siku hiyo, asubuhi itakuwa tamu na jioni itakuwa imekolea. Jumapili itakuwa kali na imeanza uchachu, wapo wanaoipenda hivyo. Jumatatu wachache wataikubali. Mbege haisubiri, kwa hiyo pika kulingana na watu ulionao. Ikibaki weka kwenye chupa za plastiki, jaza robo tatu, mfuniko uachie, ndani ya friji. Kamwe usiweke kwenye chupa za kioo zilizofungwa, bado inatoa hewa na kioo kikipasuka kinaumiza.

Machicha ya ndizi na ya ulezi mpe mwenye ng'ombe au nguruwe mtaani kwako siku hiyo hiyo, yakilala yananuka na nzi wanajaa.

Na kabla hujaosha ndoo ya ndizi, kinga nusu lita ya yale mashapo mazito ya chini kwenye chombo safi, uweke friji. Hiyo ndiyo chachu yako ya safari ijayo, ukipika ndani ya wiki moja au mbili hutahitaji hamira ya mkate tena.